Viatu vya Farasi Kwenye Kaunta ya Vifurushi

Juma lililopita, nikiwa nimechoka kusimama kwenye foleni ya vifurushi mjini Molo, nilimsikia karani akimwambia mzee aliyenitangulia, "Vyuma vikuukuu hatubebi, mzee. Jaribu Januari."

Mzee alifungua gunia lake juu ya kaunta, taratibu, kama mtu aliyezoea kukataliwa. Ndani mlikuwa na viatu vinne vya farasi, vimesuguliwa vikang'aa, kisha vikaunganishwa kwa moto kuwa kitundikio cha makoti.

"Ni Krismasi ya msichana wangu, ako Nairobi."

"Si ungemnunulia leso, mzee?"

"Leso anazo. Hivi ni vya farasi nilikuwa nachunga kwa shamba la mzungu. Ndiye alivuta mkokoteni mpaka hospitali siku msichana alizaliwa, barabara ikiwa matope tupu. Mamake hayuko tena. Farasi pia."

Karani alikata neno "chuma" kwenye fomu, akaandika "zawadi". Kisha akafunga gunia na kubandika juu yake karatasi nyekundu ya vitu vya kuvunjika.

Nilijifunza kusoma uzeeni, na tangu hapo nimesoma karatasi nyingi za ofisi zilizosema uongo. Hiyo nayo ilikuwa uongo, kwa maana chuma kile kingeangushwa kutoka orofani kisipate hata mkwaruzo. Lakini mzee aliitazama kwa muda mrefu asijue inasema nini, nikamsomea.

"Wameandika kishikwe kwa uangalifu."

Aliitikia kwa kichwa. "Basi wameelewa," akasema.