Mwitaliano Aliyeninyamazisha

Naikumbuka vizuri, mwanangu, ile siku Mzee Renzo alipokaribishwa kwetu Mkotokuyana. Alikuwa Mwitaliano mwenye mvi na tumbo la kushiba, amekuja kumtembelea binti yake Lusia, daktari wa Nachingwea. Kazi yake ya ujana, Lusia alituambia, ilikuwa kuimba opera, ule mchezo wa jukwaani ambamo watu hupendana, hugombana na hata kufa huku wakiimba. Nilicheka sana. Mtu anakufa, pumzi ya kuimba anaipata wapi?

Lakini nikamganda kwa maswali, maana nami nilikuwa mwimbishaji wa kikundi chetu cha ngoma. Kesho yake vijana walikuwa wanatoka jando, mdogo wangu Saidi akiwamo, na mwimbishaji ndiye anayewaongoza kutoka porini hadi kwa mama zao. Siku hizo mwenye sauti iliyokauka tulimheshimu, tukiamini ameimba kwa moyo. Asiyekaukiwa tulimwita mvivu. Basi nilikuwa nimeimba mazoezini mpaka sauti ikawa ya kukwaruza, na nikatembea nayo kwa maringo.

"Mzee, ni kweli uliimba kwenye jumba lililojaa watu, bila kipaza sauti?" nilimuuliza, Lusia akatafsiri.

"Kweli. Na wapiga vyombo tele mbele yangu."

"Sasa si ulikuwa unapiga kelele tu?"

Alicheka mpaka akakohoa. Akauchukua mkono wangu, akauweka ubavuni mwake, kisha akavuta pumzi. Mbavu za mzee yule zilipanuka kama mivukuto ya mhunzi! Akanieleza kwamba baba yake alikuwa mwoka mikate, na kwamba mwalimu wake alimfundisha kupumua muda mrefu kabla ya kumruhusu kuimba wimbo wowote. Alianzia nyuma, kwa waitikiaji. Mwimbaji mkuu alipougua, akasukumwa mbele, na tangu hapo akaitwa mji hadi mji, akivishwa leo joho la mfalme, kesho nguo za mpenzi aliyeachwa. Nilitaka kujua kila kitu: alikula nini kabla ya kuimba, na watu wakichukia walifanya nini.

"Walizomea," alisema. "Wa viti vya bei rahisi ndio walikuwa wakali zaidi."

Nikaona hawana tofauti na mashabiki wetu wa mpira kule Ruangwa.

Mwisho nikamuuliza kwa nini aliacha. Akasema kulikuwa na onyesho kubwa, koo lake limevimba, jumba limejaa, naye akaona aibu kukataa. Akaimba. Sauti yake ya juu, ile aliyosifiwa nayo, ikakatika katikati na haikurudi tena maishani mwake. Alikuwa bado kijana. Miaka iliyobaki akawafundisha wengine kuimba yale ambayo yeye hakuyaweza tena.

"Na koo lako limevimba, nalisikia," aliniambia. "Kesho usiimbe."

Mwanangu, nilikasirika, kisha nikalia. Nani angemwongoza Saidi? Asubuhi nilikwenda kwa Hamisi, kijana mwenzetu niliyezoea kumdharau kwa sauti yake laini, nikamwomba aniimbishie.

"Wewe unanitania," alisema.

"Sikutanii, kaka. Nisaidie."

Akaimbisha, na akaimba vizuri kuliko nilivyotaka iwe. Saidi alipotoka porini alinitafuta kwa macho. Alipoona nimefunga mdomo, uso wake ukanywea. Alidhani sina furaha naye. Nikamshika mkono tu, tukaenda hivyo hadi mlangoni kwa mama. Iliniuma, sikufichi. Lakini sauti yangu ilirudi, na wanawe Saidi wote walipotoka jando, mimi ndiye niliyewaimbia.

Kwa hiyo ukiniletea koo la kukwaruza ukidhani nitakusifu, sikusifu ng'o. Kipaji chako usikimalize siku moja kwa kuogopa watu watasemaje. Waulize waliokutangulia, hata waliotoka mbali wenye kazi usizozielewa, na wakikuambia pumzika, pumzika. Mwachie mwenzako nafasi, hata kama roho inakuuma. Watakaokusema leo watakuwa wamesahau kesho kutwa, lakini sauti ikikatika ni wewe utakayeishi bila hiyo.

Mungu akutunzie pumzi yako, mwanangu, uzeeke nayo, na wajukuu zako waijue sauti yako kwa kuisikia.