Chupa ya Maji Kwenye Kitanda cha CT Scan

Jamani, hii habari najua mmeshaisikia kwa watu na wameitia chumvi, kwa hiyo acheni niisimulie mwenyewe, maana aliyelowa ni mimi. Na mkicheka chekeni taratibu, mkwe wangu yuko hapo nje anafunga turubai la gari.

Mnajua nilivyosumbuliwa na ubavu huu wa kushoto, nikiinama kupalilia migomba nashindwa kuinuka, mpaka daktari wa huku akasema niende mjini Bukoba nikapigwe CT scan, waangalie kama kuna uvimbe kwenye figo. Hilo neno uvimbe lilininyima usingizi, ingawa hapa Igurwa nilitembea kifua mbele kama kawaida. Mkwe wangu Respicius, huyu aliyemwoa Koku wangu, mnunuzi wa maharage kule Nkwenda, akajitolea kunipeleka. Nikakubali roho ikisita. Ninyi mlikuwepo siku ya posa, mliona nilivyomsimamisha mlangoni, nikamhoji mpaka habari za babu yake. Tangu siku hiyo ananiogopa, na mimi (nisiwafiche) nilikuwa naona raha.

Hospitali tukapokewa na binti wa chumba cha mionzi, mpole kabisa. Akauliza kama nina pumu, kama kuna dawa inayonidhuru, akasoma majibu ya kipimo cha figo, akaniwekea sindano kwenye mshipa na kuibandika plasta. Mkwe amesimama pembeni na chupa kubwa ya maji, kwa sababu tuliambiwa nikimaliza ninywe maji mengi.

"Baba," binti akasema, "hii dawa ina madini joto, kama yale ya kwenye chumvi, tunaipitisha kwenye mshipa ili figo zionekane vizuri kwenye picha. Ikiingia utasikia joto mwili mzima, na huku chini utahisi kama umeko..."

"Naelewa, binti! Endelea na kazi."

Sasa ningefanyaje? Neno lenyewe mnaona lilikokuwa linaelekea, na mume wa binti yangu amesimama hapo hapo ametega masikio!

"Baba, ni muhimu ujue..."

"Nimeshapigwa picha nyingi mimi." (Moja. Ya kifua.)

Basi, akaenda kuandaa mashine. Mkwe akaweka chupa kwenye kiti karibu na kitanda, akatoka. Nikateremsha suruali mpaka magotini maana chuma cha zipu na mkanda kinaharibu picha, nikafunikwa shuka, mikono juu ya kichwa, kitanda kikaingia kwenye tundu la mashine, na sauti ya binti ikaja kwenye spika: "Dawa inaingia sasa, baba. Usitikisike."

Ikaanza kooni. Mdomo ukawa na ladha kama nimelamba kitasa, joto likashuka kifuani, likapita tumboni, likafika kule, likatulia. Joto la kweli, la kumwagika! Nikajua nimekwisha. Mtu mzima, mzee wa kanisa, nimejikojolea kwenye mashine ya serikali, na suruali iko magotini inapokea yote!

Kitanda kilipotoka nje binti akasema, "Tulia, nakuja." Hapo ndipo akili ikanituma vibaya. Kupapasa sikupapasa (nani anataka kuhakikisha jambo kama hilo?), nikaiona ile chupa, nikajiambia nikimwaga maji nitasema yamenimwagikia, na yaliyotangulia hayatajulikana. Nikanyoosha mkono usio na sindano, nikafungua kifuniko kwa meno, nikamimina chupa nzima.

Maji yalikuwa ya baridi, na chumba kile kina kiyoyozi. "Maawe!" nikapiga ukelele uliofika mpaka kwenye mabenchi ya wagonjwa.

Binti akaingia mbio, akaona maji yanatiririka kuelekea kwenye mashine, naye akapiga ukelele wake. Mlango ukabaki wazi. Akaja mama wa usafi na dekio, akaja fundi, akaja mkwe, na nyuma yao watu wa foleni wakichungulia, na mmoja wao, Mungu hana upendeleo, ni mama wa kwaya kutoka Ihembe, tunafahamiana miaka.

"Shikamoo, Baba Koku," akasema. Suruali magotini, nikaitikia marahaba.

"Pole, baba," binti akaninong'oneza. "Usione haya."

"Ni maji, binti. Ya chupa."

"Sawa baba, ni maji." Kwa ile sauti ya kumbembeleza mtoto. Kisha akashangaa: "Ila ajabu. Wengi wanahisi wamejikojolea, ndicho nilichotaka kukwambia, lakini ni joto la dawa tu, wakiinuka ni wakavu. Wewe ndiye wa kwanza kulowa kweli."

Nilikuwa mkavu! Mkavu kama kahawa ya kuuza, na nimejilowesha kwa mkono wangu! Nikaeleza yote pale pale, mwanzo mpaka mwisho, na nilivyozidi kueleza ndivyo walivyozidi kunionea huruma. "Mimi nakuamini, baba," mkwe akasema, uso ameelekeza ukutani, mabega yanamtikisika.

Nikatoka nimefungwa kitenge cha Koku ambacho mkwe alikitoa kwenye gari, kile chenye picha za kuku.

Majibu? Jiwe dogo, uvimbe hakuna. Nilimshukuru Mungu mpaka machozi, na watu korido nzima wakadhani nalilia suruali.

Nimeapa, mtu wa hospitali akianza neno simkatizi tena, hata mbele ya askofu, alimalize na alirudie. Na mkwe siku hizi ananisalimia akitabasamu, nashindwa hata kumkunjia uso. Nyumbani nako, Mama Koku ametandika kitandani, chini ya shuka, ile nailoni yetu ya kuanikia kahawa. Nimemwambia aitoe. Amesema ataitoa tukianza kuvuna.