Mboga za Ghorofa ya Tatu

Jiwe lililomwangukia Kyule kwenye machimbo ya mawe alikofanya kazi lilimvunja mguu mahali pawili, na daktari akamwagiza akae nyumbani miezi minne. Nyumbani kwake kulikuwa ghorofa ya tatu, ya juu kabisa, katika plot moja, jengo la kupangisha, mjini Kitengela. Wiki ya kwanza alilala. Ya pili alihesabu nguzo za stima kutoka balkoni yake hadi barabarani. Ya tatu akaanza kumfundisha mkewe kukata vitunguu.

Nzilani, aliyekuwa akifulia watu nguo ili chakula kisikatike, aliweka kisu chini. "Baba Mwende, tafutia hiyo mikono yako kazi kabla sijakuvunja huo mguu mwingine."

Kesho yake Kyule alifunga kamba kwenye ndoo kuukuu ya rangi, akaiteremsha polepole kutoka balkoni hadi chini. Alikuwa ameamua kupanda mboga. Pesa hakuwa nayo, kwa hivyo ilibidi aombe, na aliomba kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mashine za kukata mawe.

"Sopa, mzee!" alimsalimu Parsaloi, mzee wa Kimaasai aliyepitisha mbuzi wake hapo kila asubuhi.

"Epa!" Parsaloi aliitikia, akigeuka huku na huku.

"Niko huku juu! Naomba mbolea ya mbuzi, kidogo tu."

Parsaloi aliitazama ile ndoo ikining'inia mbele ya pua yake, akacheka hadi akaegemea fimbo. "Kumbe ni wewe! Nilidhani kuna mtu anavua samaki."

Siku ya pili alileta nusu gunia. Vibarua wa jengo la jirani wakaongeza mchanga, maana udongo mweusi wa pale ukilowa huwa gundi na ukikauka huwa tofali. Ndoo baada ya ndoo, Kyule alivuta akiwa ameketi kwenye kigoda. Alijaza makopo ya rangi na mitungi ya mafuta iliyokatwa ubavuni. Nzilani akamletea managu, yaani mnavu, yenye matunda yaliyoiva. Kyule akayakamua, akaanika mbegu kwenye gazeti. Pesa pekee iliyotoka ilikuwa shilingi hamsini za miche ya sukuma wiki.

Majuma mawili baadaye majani ya sukuma yaliungua kingo, na juu ya udongo kukaota utando mweupe. Ilikuwa chumvi. Maji ya mfereji pale yanatoka kisimani, na hata chai yake lazima uizoee. Nusu ya miche ilikufa. Kyule alikataa chakula siku hiyo.

"Hata mboga zimenikataa," alisema.

Asubuhi Nzilani alimwekea sufuria ya maji mlangoni mwa balkoni. Kwa kupikia walinunua maji matamu ya mtungi. "Hayo nimeoshea mchele, hayana chumvi. Na usinishukuru, mimi nataka kula."

Miche iliyobaki ikanyanyuka. Managu nayo yakachipuka kwa wingi, na kwa furaha Kyule akamwagilia kupita kiasi. Matope yakatiririka hadi ghorofa ya pili, kwenye kamba ya nguo ya Adero, muuguzi. Akapanda ngazi mbio.

"Baba Mwende! Niko na shifti saa nane, na yunifomu yangu imejaa matope!"

"Pole sana, Mama Morgan. Ni makosa yangu. Nzilani ataifua saa hii."

"Nani?" Nzilani aliuliza kutoka jikoni.

Kyule akaifua mwenyewe, mguu wa plasta umenyooshwa kando ya beseni. Wakingoja ikauke, Adero alianza kuinama juu ya makopo. "Hii si osuga?"

"Sisi tunaita managu."

"Na mbona unaiacha irefuke hivi? Kata ncha, itoe matawi." Akazikata mwenyewe, moja moja, hasira ikimtoka. Siku iliyofuata alirudi na mabeseni yaliyovunjika ya kukinga maji chini ya makopo, pamoja na mbegu za saga, mboga nyingine ya kienyeji, ambazo mamake alimtumia kutoka Siaya.

Aliyebaki kukubali ni Muturi, keateka aliyesimamia jengo kwa niaba ya mwenye nyumba. "Kyule, hii ni plot, si shamba. Landilodi akiona?"

Kyule alimwonyesha bomba la maji ya paa, lililopasuka karibu na balkoni. Kila mvua iliponyesha, ngazi zililoa na wapangaji wakalalamika. "Niruhusu nikinge hapo na pipa. Ngazi zako zitakauka, mimi nitapata maji matamu."

"Na mimi?"

"Utakula managu."

Mvua ya kwanza ya Machi ilijaza pipa likafurika. Juma lile Nzilani alipika sufuria ya kwanza, Adero akaongeza maziwa kupunguza uchungu, na Muturi akafika kabla ugali haujaiva.

Plasta ilipotolewa, Kyule aliteremka ngazi kwa fimbo, akipumzika kila ghorofa. Mguu haukurudi ulivyokuwa. Msimamizi wa machimbo alimwambia kwa upole kwamba kazi ya mawe haitawezekana tena. Alirudi nyumbani. Alipofika ghorofa ya pili, Adero alikuwa amesimama mlangoni na makopo matano matupu.

"Nipandie kama zako. Nitakulipa."

Baada yake wakaja wapangaji wengine watatu, kisha plot ya pili. Kyule sasa ana wateja kumi na mmoja, na Parsaloi humwuzia mbolea kwa gunia. Leo asubuhi yuko kwenye balkoni ya Adero, wanabishana kama saga inataka jua au kivuli, na hakuna anayetaka kushindwa.