Kitabu Kinene cha Njia za Kisiwani

Nikikumbuka siku ile uso unanichoma mpaka leo, na mke wangu Adelina akianza kuisimulia mbele ya wageni najifanya nimeitwa nje.

Nilikuwa mwalimu Nyaishozi, miaka ya themanini, namchumbia Adelina, na baba yake, ofisa mstaafu asiyecheka ovyo, alikuwa bado hajatamka kama ananikubali. Akasema anataka kumtembelea dada yake aliyeolewa kwenye kisiwa kimoja cha majabali upande wa Muleba, hajawahi kufika, na ukishuka bandari ya kisiwani ni mwendo wa saa tatu kwa miguu. Nikadakia, "Baba, njia niachie mimi." (Mimi mtu wa migombani, ziwa naliona kwenye ramani.)

Maktaba ya parokia ilikuwa na vitabu viwili vya njia za kisiwa kile, kimoja chembamba, kimepigwa taipu na kushonwa kwa uzi, kingine kinene cha Kiingereza chenye jalada gumu na picha. Sista akaniambia, "Mwalimu, chukua hiki chembamba." Nikachukua kinene, maana nilitaka mzee anione nimekibana kwapani.

Tuliposhuka kisiwani, kitabu kilisema tufuate ufukwe wa mashariki. Nusu saa tu, mchanga ukaisha.

"Kitabu kinasema kuna mchanga," nikasema.

"Mimi naona maji," mzee akajibu.

Badala ya kurudi nikajitetea, "Afadhali hiki, Baba, kile kingine cha maktaba kiliandikwa na mtu wa hovyo asiyejua kushika kalamu," tukaendelea, maji magotini, mara kiunoni, mzee viatu kichwani, mimi mkono mmoja kwenye jabali na mwingine nimemshika yeye, upepo umeanza, nawaza mamba, nawaza nitamwambia nini Adelina nikirudi peke yangu. Kitabu kikaponyoka, kikazama. Bahati wanawake waliokuwa wanaanika dagaa walituona, wakaleta mtumbwi.

Tulifikishwa kwa dada yake mzee tukichuruzika maji, kitongoji kizima kimejaa uani. Mume wa dada huyo, mganga wa zahanati pale, akatupokea kwa huruma.

"Poleni. Ufukwe ule ulimezwa ziwa lilipopanda, zile mvua za baada ya uhuru. Nimeandika kijitabu, ukurasa wa kwanza kabisa nimeonya. Hata parokia ya kwenu nilipeleka nakala, hamkukiona?"

Nilitamani ardhi inimeze. Mzee akanigeukia. "Mwalimu, mweleze ulichoniambia njiani."

Nikasema yote, neno kwa neno, pamoja na ile ya kalamu.

Dada mtu akaleta kikapu cha kahawa za kutafuna, buni zilizokaushwa, na kwa Wahaya mgeni hanyimwi kahawa. Mzee akachukua, akampa shemeji yake, kisha akakishikilia kile kikapu mapajani, mimi nikiwaza kama ndiyo nimemkosa Adelina.

"Njia hakuijua," akasema hatimaye, "lakini aibu yake hakuificha." Akanisogezea kikapu.

Siku ya harusi mganga alinizawadia kile chembamba, nikaamriwa nisome ukurasa wa kwanza kwa sauti. Ulikuwa na mistari miwili tu: ufukwe wa mashariki haupitiki, ukifika, uliza wenyeji. Tangu hapo nauliza, hata njia ya kwenda sokoni Nkwenda, ambako nimenunua ndizi miaka yote.