Kipimo Nilichokiinua Juu

Mimi ni Mzaramo, mhamasishaji wa afya hapa Bariadi, na mdomo wangu ndio ulioniponza. Wiki iliyopita tulikwenda mnada wa ng'ombe Lalago kupima homa ya ini. Nikashika kipaza sauti, nikawafundisha watu: kipimo kikitoa mstari mmoja uko salama, kikitoa miwili una virusi. Walinisikiliza vizuri, lakini hakuna aliyesogea.

Nikaona niwachangamshe kwa utani, maana Mzaramo na Msukuma ni watani. Nikamwelekea mzee mmoja aliyeegemea fimbo yake. "Mtani, ng'ombe unawachoma sindano mwenyewe, leo unaogopa kutobolewa kidole?"

Mnada mzima ukacheka, nami nikanogewa. Nikamwambia nesi Rehema anipime mimi kwanza, halafu wao wasome majibu kwa macho yao. Miaka yote nahimiza wengine wapime, mwenyewe sikuwahi.

Tulipokuwa tunasubiri nilipiga porojo kama dalali. Kisha Rehema akakiangalia kipimo, akakifunika kwa kiganja.

"Kaka, twende pembeni kwanza."

Nikamnyang'anya, nikakiinua juu bila hata kukitazama. "Haya, someni! Mistari mingapi?"

Yule mzee akasogea, akakodoa macho.

"Miwili."

Nikacheka kwenye kipaza sauti. "Jamani, watani zangu hawa hawana dogo!"

Hakuna aliyecheka. Mzee akavua kofia.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Hapo sikutanii."