Mimba Niliyoikana Mbele ya Nesi

Mimba mbili za mwanangu zilitoka, na zote mbili nilizitangaza mimi. Ya kwanza niliisema arusini. Ya pili niliisema barazani kwangu huku nachambua mchele, kwa furaha tu, maana ndiye binti yangu wa pekee na mie nilikuwa nshajiona bibi. Kila nilipoisema, haikumaliza mwezi. Dokta akanieleza kwamba mimba changa hutoka kwa sababu nyingi na mdomo wa mtu haumo. Nikamwitikia, naam. Moyoni nikasema, huyu hawajui watu wa mtaa wetu.

Basi ya tatu ilipoingia, tukaifukia. Tuliijua watu watatu: yeye, mumewe na mie. Akitapika, nasema kala samaki aliyelala. Akilala mchana, nasema kazi inamchosha. Na kazi yake kweli inachosha, anafua mashuka kwenye hoteli huko Kendwa, siku za mapumziko ndiyo anakuja kwangu Mji Mkongwe.

Wakati huo chanjo ya korona ndiyo imeingia. Gari lilikuwa likipita na spika toka asubuhi, njooni, njooni, ni bure. Mie skuli niliishia darasa la nne, lakini samaki najua kununua. Pale Darajani, muuzaji akikwita mara tatu, jua samaki wake kalala. Na hawa walikuwa wanaita kutwa.

Halafu kuna jirani yangu wa mlango wa mbele. Mwanamke yule simu yake haikauki sauti za watu wasiojulikana. Alikuwa akija barazani ananiwekea sikioni. Mmoja anasema chanjo inafunga kizazi. Mwengine, mwenye sauti nzito kama ya mtu msomi, anasema mjamzito akichanjwa mtoto huzaliwa hana kucha. Sikuwa naamini yote. Lakini hiyo ya kucha iliniingia, sijui kwa nini, ikakaa.

Siku moja mwanangu ananambia, "Mama, kesho nnakwenda kuchanja."

"Na hilo tumbo?"

"Ndiyo maana nnakwenda." Akanihadithia mwenzake anayepiga pasi pale hotelini, alipata korona na mimba yake, akalazwa anapumua kwa mtungi, mtoto akazaliwa kabla ya miezi yake.

"Huyo ni huyo," nikamwambia. "Wewe ni wewe."

"Ugonjwa hauulizi, mama."

Nikaona huyu hazuiliki. Nikavaa buibui langu nikamfuata, na hila yangu nilikuwa nayo. Nilijua nesi ataulizia mimba. Akishaambiwa ipo, atamrudisha nyumbani, kesi imekwisha na mie sikugombana na mtu.

Chanjo ilikuwa kwenye skuli, uani, watu wamekaa kwenye mabenchi ya wanafunzi. Tunakaribia meza, nageuka nyuma, namwona nani? Jirani yangu! Yule yule aliyenisikilizisha mambo ya kucha, kakaa benchi la nyuma yetu, kajitia manukato, kaja kuchanja. Nilimtazama hata nikasahau kumsalimu.

Nesi akauliza kwa sauti ya mwalimu, "Dada, una ujauzito?"

Pale pale nikabanwa. Nikisema ndiyo, sindano imeepukwa, lakini jirani kasikia, na mtaa mzima utajua kabla ya adhuhuri. Nikisema hana, anachomwa. Sindano ilikuwa hatari nisiyoijua. Ule mdomo nyuma yangu ilikuwa hatari ninayoijua, ishanichukulia wajukuu wawili. Ndivyo nilivyopima.

"Hana," nikajibu mie, kabla mwanangu hajafungua kinywa. "Huyo kala maharage tu."

Watu wakacheka. Mwanangu akanitazama, kisha akamfuata nesi nyuma ya pazia. Alikaa huko muda mrefu kuliko waliomtangulia. Alipotoka kashika pamba mkononi na kikadi chake.

"Mbona umekaa?"

"Foleni, mama."

"Foleni gani, na umeingia peke yako?"

Yeye akashika njia. Nikamshika mkono kushuka ngazi za skuli, taratibu, ngazi moja moja.

Jioni mkono ulimuuma, mwili ukamchemka kidogo. Asubuhi kaamka mzima anadai mkate wa kumimina. Mie sikuridhika. Nilikuwa nimesikia waliochanjwa wananasa vyuma, nikachukua sarafu nikambandika begani. Ikanasa! Mwanangu akacheka hata sarafu ikaanguka. "Mama, hayo ni mafuta ya nazi uliyonikanda mwenyewe." Nikafuta mafuta, nikabandika tena. Haikunasa. Hata hivyo sikuridhika.

Tangu siku ile nikawa mlinzi. Tumbo likija juu, naliona limekaa upande. Likitulia, naliona limetulia mno. Akijikuna, namuuliza panawasha nini. Jirani naye akaacha kuniletea simu yake, nikadhani imeharibika, nikashukuru. Lakini kubwa lililonikondesha ni moja. Wale wawili niliwapoteza kwa kusema. Huyu nitampoteza kwa kunyamaza? Ningesema neno moja tu pale mezani. Kwa nani nilitubu? Kwa Mungu peke yake, kila sala.

Mimba ilipofika mwezi wa saba mwanangu akahamia kwangu, maana mimba ya kwanza kuzaa hulelewa kwa mama. Siku moja ananambia, anatandika kitanda, wala hana haraka, "Mama, huyu leo toka alfajiri hajacheza."

Sikumaliza hata kufunga mtandio. Tulikwenda kwa miguu mpaka kituo cha afya, na aliyetupokea ni nesi yule yule. Kabla hajauliza lolote nikajitupa: "Nesi, mie ndiye niliyesema hana. Alikuwa nayo. Alikuwa nayo mimba mkamchoma, na kosa ni langu, sasa mtoto hachezi!"

Nesi akasema, "Ngoja kwanza, bi mkubwa." Akampaka mwanangu mafuta ya baridi tumboni, akaweka kidude chake. Kimya. Akakisogeza. Kimya. Akakisogeza tena, ukatoka mlio, tuk-tuk-tuk, mbio, kama cherehani ya mtu mwenye nguo za sikukuu. Na mtoto mwenyewe, kama kakasirika kusumbuliwa, akapiga teke nikaliona kwa macho.

Nikakaa kitandani kwa mgonjwa.

"Mkiona hachezi kama kawaida, msikae nyumbani. Mfanye kama leo," akasema nesi. Kisha akaomba kile kikadi, akanionesha kwa kidole. "Hapa nimeandika nini? Mjamzito, wiki ya kumi. Alinambia mwenyewe nyuma ya pazia. Tukazungumza. Nikamweleza mjamzito akipata korona huzidiwa kuliko mwengine, na chanjo hii haijaonekana kudhuru mimba. Akaamua."

"Na kucha?"

"Kucha gani?"

Mwanangu akajifunika uso.

"Mtoto kuzaliwa hana kucha."

"Bi mkubwa," nesi akasema, na naona alijizuia asicheke, "hilo halipo."

Njiani nikampa mwanangu maneno yake. "Miezi mitano unanitazama nakonda!"

"Ulisema nisimwambie mtu. Nikaona nikikwambia nimesema, hutolala."

"Kwani nilikuwa nalala?"

Alizaa mtoto wa kike, mwezi wake umetimia. Kabla ya kumtazama sura nilivaa miwani nikamhesabu kucha, mikono, kisha miguu. Ishirini. Nikarudia, maana vidole vya miguu vya mtoto mchanga vimejikunja na mie siamini hesabu ya mara moja.

Siku ya saba jirani akaja na bakuli la uji wa pilipili manga. Akainama kitandani, akamtazama mtoto, kisha akanigeukia.

"Haya ndiyo yale maharage?"

Nikajitia kumfunika mtoto miguu.

"Nilijua siku ile ile. Nani anamshusha mtu mzima ngazi moja moja kwa maharage?"

"Na hukusema?"

"Nimwambie nani, na nilikuona unavyotetemeka pale benchini? Wallahi hata mume wangu sikumwambia." Akatia simu yake mkobani. "Na zile sauti nikazifuta. Nikasema zikikufikia tena utakufa wewe kabla mtoto hajazaliwa."

Kumbe simu haikuharibika. Mwanamke niliyemkimbia miezi yote ile ndiye aliyeichunga siri yangu, na mie nilimwona ndiye mchawi.

Akanyoosha mikono. Nikampa mjukuu wangu ampakate. Nikamsogeza mwanangu kidogo, nikakaa karibu, nikatazama.