Picha Iliyokuwa Nyuma ya Koti

Nilimpenda mchoraji mmoja wa ng'ambo jinsi wasichana wa rika langu walivyowapenda waimbaji wa redio. Jina lake silitaji. Baba yangu hakuweza kulitamka hadi mwisho, alimwita tu "yule mtu wako," na mimi nimebaki na hilo. Alikuwa mmoja wa wale wachoraji wanaochora vitu vya kila siku jinsi vinavyoonekana ndotoni. Mlango umesimama peke yake katikati ya shamba la ngano. Kitanda kimeota majani. Ngazi inapanda, inapanda, haifiki popote. Alikuwa amekufa kabla sijajua kushika penseli, na nilimwonea wivu mtu yeyote aliyewahi kumpa mkono.

Kitabu cha picha zake niliachiwa na mwalimu wa kujitolea, mama mmoja Mzungu aliyefundisha nasi shule moja kule Kiplombe kisha akarudi kwao. Mfumo mpya wa elimu ulikuwa umeingia. Tuliambiwa watoto wafundishwe kuchora na kufinyanga, lakini rangi haikuletwa, kwa hiyo mimi mwalimu wa sanaa nilifundisha kwa makaa na udongo. Miaka ishirini na minne, kichwa kigumu, mdomo mrefu. Hicho kitabu nilikibeba kila mahali, hata kanisani, jameni, nimekificha ndani ya gazeti.

Picha moja ndiyo iliyonishika. Familia iko mezani inakula. Kwenye kiti cha mkubwa wa nyumba limeketi koti, limefungwa vifungo vyote, mikono yake iko juu ya meza, na ndani hakuna mtu. Hakuna kichwa wala viganja. Watoto wanakula wameinamisha macho, na mama anamimina chai kwenye kikombe cha hilo koti. Mama yangu alikufa nikiwa kidato cha pili, na kwa miaka yote hiyo baba hakuondoa kiti chake mezani, wala hatukuwahi kuulizana kwa nini. Nilipoufungua ule ukurasa mara ya kwanza nililia, na mimi si mtu wa kulia ovyo. Nilijiambia: huyu mtu alituona.

Basi ikawa wazimu. Nilitaka kuziona picha zenyewe, zile alizozigusa. Mtu akaniambia Kitale kuna jumba la makumbusho. Nikaenda Jumamosi moja, nimevaa gauni la Jumapili. Nikakuta nyoka, ngao, na vipepeo waliochomwa pini. Nikamuuliza mlinzi picha za kuchora ziko wapi. Akafikiri sana, akanipeleka mpaka kwenye ramani ya wilaya. Nilimshukuru, nikaitazama ramani kwa heshima zote, kisha nikarudi nyumbani nimenuna.

Mwaka uliofuata nikasikia kwamba kituo cha utamaduni cha nchi moja ya Ulaya, kule Nairobi, kitaonyesha nakala za picha zake kwa wiki mbili. Niliomba ruhusa kwa kudanganya kwamba shangazi anaumwa. Njiani, kule Timboroa, ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani na basi likasimama saa nzima, mimi nikiapiza ukungu kwa sauti hadi abiria wenzangu wakanicheka. Chumba kilikuwa kimoja, picha kumi na moja. Nilikaa humo mpaka wakazima taa. Wakati wa kutoka nikanunua bango la lile koti, nikalikumbatia njia yote hadi Eldoret.

Sasa lazima nieleze kazi ya baba, kwa sababu hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Baba alitoka kando ya ziwa akiwa kijana, akaja Eldoret kufanya useremala, akaishia kutengeneza fremu za picha. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko, na sisi tuliishi chumba cha nyuma yake. Alitia fremu picha za harusi, za Yesu, za marehemu. Lakini ugali wetu ulitoka kwa picha ya Rais. Kila duka, kila hoteli, kila bucha na kinu cha posho kililazimika kuitundika, tena juu kuliko kitu kingine chochote ukutani. Usipokuwa nayo, vijana wa chama watakuuliza, na hutapenda wanavyouliza.

Rais wa kwanza alipofariki na wa pili akaingia, wenye maduka walimletea baba fremu zao abadilishe picha. Je, ile ya marehemu iende wapi? Kuitupa, ng'o. Kuichoma, nani angethubutu? Kumrudishia mwenye duka, hataki. Basi mafundi wote wa fremu mjini wakafanya jambo moja bila kukubaliana: waliweka mpya mbele, wakaiacha ya zamani nyuma, wakapiga misumari. Ile karatasi nene ilifaa kabisa kuikaza mpya isipinde. Hata leo ukivunja fremu kuukuu za mji ule utamkuta mzee nyuma ya mwenzake.

Nilikulia katika kazi hiyo, na mikono yangu iliijua: mpya mbele, ya zamani nyuma. Lakini kwa picha za Rais aliyekuwa madarakani baba alikuwa na sheria nyingine. Zilizolowa mvua au kuharibika kwa gundi alizifunga kwenye gunia safi, akaziweka chini ya kitanda chake. Haziuzwi, hazitupwi, hazifungiwi sukari, hazishikwi. Gunia lilikuwa limenenepa. Wakati mwingine nilimtania kwamba analala juu ya serikali, naye ananiambia ninyamaze, kuta zina masikio.

Siku niliyorudi na bango langu baba alikuwa amekwenda kwao kwenye matanga. Singeweza kungoja. Nilikata mbao mwenyewe, nikakata kioo, nikakosa hadibodi, ule ubao mwembamba wa nyuma, na ilikuwa Jumapili, maduka yamefungwa. Bango lilikuwa jepesi, linapinda kama chapati. Nikavuta gunia, nikachomoa picha moja yenye doa la maji, nikaiweka nyuma, nikapiga misumari mingi, nikafunika na karatasi ya kaki. Nilikuwa naimba. Sikuwaza chochote, na mpaka leo hilo ndilo linaloniuma zaidi. Baba aliporudi aliitazama picha ukutani, akaguna, "Na kichwa je?" akaenda kulala.

Mwaka mmoja baadaye yule mama wa kujitolea akaniandikia. Mji wao ndio mji wa mchoraji wangu. Nyumba aliyoishi ilikuwa imegeuzwa makumbusho, na kulikuwa na kozi ya wiki sita kwa walimu wa sanaa kutoka nje, nauli imelipwa, chakula kimelipwa. Nilichohitaji ni pasipoti peke yake. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza nani amekufa.

Pasipoti siku zile haikuwa haki yako. Uliiomba, kisha ukachunguzwa: unatoka wapi, baba yako ni nani, unaenda kusema nini huko kwa Wazungu. Wakaja watu wawili, Alhamisi mchana, na makoti yao ya kaki. Mmoja alikuwa mnene na mpole, mwenzake hakusema neno hata moja. Baba aliwapa viti, mimi nikawapikia chai. Waliuliza maswali, nikajibu vizuri. Yule mpole alikuwa anafunga daftari lake. Nakwambia, alikuwa anafunga daftari.

Kisha akainua macho. "Mwalimu, hii picha ni ya nini?"

"Ni ya yule mchoraji ambaye ninaenda kusomea kazi yake."

"Huyu mkubwa hapa mezani mbona hana kichwa?"

Mtu mwenye akili angesema sijui. Mimi nikaanza somo. Nikamweleza kuhusu ndoto, kuhusu watu ambao hawapo lakini bado wanaogopwa nyumbani. Nilipofika kwenye neno "wanaogopwa," yule asiyesema alisimama, akaiteremsha fremu, akaipindua, akapasua karatasi ya kaki kwa ukucha wa kidole gumba. Akatoa kisu. Misumari ikaanza kuanguka sakafuni.

Aliichomoa ile karatasi nene, akaigeuza. Rais alitutazama akiwa na doa la maji shavuni.

Yule mpole aliweka kikombe chake chini polepole sana. Akaitazama picha, akalitazama lile koti lisilo na kichwa, akaitazama picha tena, nikaona kichwani mwake vitu viwili vikiungana ambavyo mimi sikuwa nimeviunganisha kamwe.

"Kumbe kichwa kiko huku nyuma," akasema. "Mmekikata mkakificha. Nani alitengeneza hii?"

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo. Na katika ule mdomo uliofunguka niliona ile nyumba ya ng'ambo, ngazi zake, vyumba vyake, picha zikiningoja.

"Ni mimi," baba akasema. "Fremu zote hapa ni zangu. Msichana hajui kushika nyundo."

Nikafunga mdomo.

Walimchukua na kaptula yake ya kazi, hawakumruhusu hata kubadilisha. Gunia lililokuwa chini ya kitanda walilipata baada ya dakika mbili, na hilo likawa kosa la pili. Wiki tatu baadaye akasomewa mashtaka ya kuidharau picha ya Rais. Nilikaa benchi la tatu kortini. Alikubali kosa. Akapewa miaka miwili. Nilijiambia: baba ameamua, amenipa hii safari, nikisema sasa tutafungwa wawili na atakuwa ameumia bure. Nilijiambia hivyo usiku na mchana mpaka ikanoga masikioni mwangu, ikawa hadithi ya mapenzi ya baba.

Na pasipoti ikatoka! Hata leo sielewi. Labda yule mpole aliliamini lile neno kwamba sijui kushika nyundo. Nikaenda kumuaga baba gerezani. Walitupa dakika kumi, kukiwa na waya katikati yetu na askari kando. Akaniuliza kama huko kuna baridi. Nikamwambia ndiyo. Akasema nibebe sweta.

Ile nyumba ya makumbusho ilikuwa nyembamba, sakafu zinalia ukikanyaga. Nilipanda ghorofa ya pili na huko ndiko lilikokuwa koti langu. Lilikuwa dogo, ukubwa wa sinia. Nilikuwa nimengoja miaka mitano kusimama mahali pale, na nilisimama dakika arobaini bila kusikia chochote moyoni. Niliona rangi, nikaona ufa mdogo pembeni. Watalii walikuja, wakasema aah, wakaondoka. Mwishowe nikanyoosha mkono nivute fremu kidogo niangalie mgongo wake, na mlinzi akanifokea kwa lugha yao. Nikaomba msamaha. Siku zote zilizobaki nilipita mbele ya mlango wa nyumba ile kwenda darasani, sikuingia tena.

Baba alitoka miezi kumi baada ya mimi kurudi. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa na mikono ilitetemeka, hasa asubuhi. Hatukuzungumza habari za gerezani. Alifungua kibanda, lakini msumari mdogo haukukaa tena katikati ya vidole vyake, kwa hiyo jioni baada ya shule mimi nilipiga misumari na yeye alipima na kukata. Watu walikuja kidogo kidogo. Picha ya Rais hawakumletea tena, na nani angewalaumu.

Jioni moja tulikuwa tunatia fremu picha ya harusi ya mkulima mmoja wa mji mdogo wa Ziwa. Mvua ilikuwa imekatika. Nilikuwa upande wa sikio lake zima, nikasema kabla sijajizuia.

"Baba, ile picha ni mimi niliyeiweka nyuma."

Hakushtuka. "Najua. Mimi hupiga misumari minane. Hapo sakafuni ilianguka kama mvua ya mawe."

Nikalia. Nikaiweka nyundo chini, nikashika magoti yake, nikamwambia maneno yote niliyokuwa nimeyaweka: kwamba ameniokoa, kwamba alichagua kunikinga, kwamba hakuna baba kama yeye duniani. Aliniacha nimalize. Uso wake ulikuwa umechoka tu.

"Nani alikuambia nilichagua?" akauliza. "Nilikuona umekosa pumzi. Nikasema ni mimi, ili upate nafasi ya kupumua. Nilidhani utanikatiza."

Nikayaachia magoti yake.

"Wewe na mdomo wako huo," akasema, bila hasira. "Hata kortini niliangalia benchi lenu, nikaangalia, mpaka karani akaniambia nitazame mbele."

Kisha akaniambia nishike fremu vizuri, kioo kinateleza.